Tuanzebe: mtoto wa Bunia aliyewagawa mashabiki wa Manchester hapa Uvira

UVIRA – Usiku wa Jumanne tarehe 20 Oktoba 2020, kelele zilianza kabla mpira haujaguswa. Tulikuwa tumebanana kwenye mabenchi ya nyumba moja ya video mtaani Mulongwe, jenereta inanguruma nje, na orodha ya wachezaji wa Manchester United ikatokea kwenye skrini. Harry Maguire hayupo. Katika mabeki watatu watakaomkabili Kylian Mbappé na Neymar pale Paris, yumo Axel Tuanzebe, kijana ambaye kwa miezi kumi hakuwa amecheza mechi hata moja ya timu ya kwanza.

Nusu ya chumba ilishika kichwa. Nusu nyingine ilipiga makofi, na si wote waliopiga makofi walikuwa mashabiki wa United. Jina walilijua. Tuanzebe alizaliwa Bunia, Ituri, tarehe 14 Novemba 1997. Aliondoka Congo akiwa na miaka minne tu, lakini kwa watu wa huku Mashariki hilo lilitosha kumwita mtoto wa kwetu.

Mechi ilipoisha, United ilikuwa imeshinda 2-1. Rashford alifunga bao la ushindi dakika ya 87, na Mbappé akatoka mikono mitupu. Alijaribu kukimbia upande wa Tuanzebe, akakuta mguu umeshafika kabla yake. Wale waliokuwa wameshika kichwa sasa walidai kwamba walijua tangu zamani. Sisi mashabiki wa mpira ndivyo tulivyo.

Lakini njiani kurudi nyumbani ubishi ulianza upya, na kwa kweli haujaisha mpaka leo. Mchezaji wa namna hii ana thamani gani? Staa hana shida: wote wanamtaka. Mchezaji mbovu naye hana shida: wote wanataka auzwe. Anayeleta maneno ni huyu wa katikati, anayekaa benchi majuma sita, akiingia anacheza kama simba, kisha anaumia tena.

Kundi la kwanza lilikuwa la watu wa hesabu. Hoja yao ilikuwa moja: beki asiyekuwepo uwanjani hana bei. Na mifano walikuwa nayo. Tarehe 20 Oktoba 2019, mwaka mmoja kamili kabla ya usiku ule wa Paris, Tuanzebe alipangwa kuanza dhidi ya Liverpool pale Old Trafford. Akaumia wakati wa kupasha misuli. Marcos Rojo akavaa haraka haraka na kuingia badala yake. Desemba ileile akaumia tena, na ndipo ikaja ile miezi kumi. Kwa watu hawa, klabu kubwa haiwezi kujenga ukuta kwa tofali ambalo hujui kama kesho litakuwepo.

Kundi la pili lilijibu kwa swali: alipokuwa mzima, alipewa nini?

Hapo ndipo inabidi turudi mwaka 2019, maana mimi naona mambo yote yaliamuliwa kiangazi kile. Tuanzebe alikuwa ameazimwa Aston Villa, iliyokuwa daraja la pili. Alivunjika mfupa wa mguu katikati ya msimu, akapona, akarudi, akashika nafasi ya beki wa kati pamoja na Tyrone Mings, naye akiwa ni mchezaji wa kuazimwa. Tarehe 27 Mei 2019, mbele ya umati wa Wembley, Villa iliipiga Derby County 2-1 na kupanda Ligi Kuu. Mabeki wale wawili walitoka uwanjani wakiwa na miaka tofauti, Tuanzebe 21 na Mings 26, lakini wakiwa na jina moja sokoni: vijana waliopandisha timu.

Angalia sasa njia zao zilivyoachana. Villa ilimnunua Mings moja kwa moja, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amevaa jezi ya timu ya taifa ya Uingereza. Nafasi ambayo ingeweza kuwa ya Tuanzebe alipewa Ezri Konsa kutoka Brentford, ambaye naye leo ni mchezaji wa taifa. Tuanzebe alirudi Manchester, akapewa mkataba mpya, akaambiwa subiri.

Na kiangazi hichohicho United ikafungua mfuko. Maguire alinunuliwa kwa pauni milioni 80. Aaron Wan-Bissaka, naye mwenye asili ya Congo, aliletwa kutoka Crystal Palace kwa pesa iliyoweza kufika pauni milioni 50. Mmoja beki wa kati, mwingine beki wa kulia. Ni nafasi zilezile mbili anazozijua Tuanzebe. Klabu iliyotoa pauni milioni 130 kwa nafasi hizo haiwezi kumweka nje mtu wa milioni 80 ili impange kijana ambaye haikumnunua hata kwa senti moja. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tunapozungumzia thamani. Mchezaji aliyelelewa nyumbani ni wa bure, na kitu cha bure hakimtii mtu haraka ya kukitumia.

Basi kwa nini hawakumwuza? Swali hili liliwatesa mashabiki wa hapa, na jibu lake liko kwenye karatasi kuliko uwanjani. Ligi Kuu ya Uingereza inaruhusu majina 25 ya wachezaji wakubwa, na wasiolelewa katika klabu za huko hawawezi kuzidi 17. UEFA nayo inataka nafasi nane za orodha ya 25 zibaki kwa wachezaji waliolelewa nchini humo, na kati yao wanne wawe wamelelewa na klabu yenyewe, yaani wamekaa hapo miaka mitatu kati ya umri wa miaka 15 na 21. Utaifa hauulizwi. Tuanzebe aliingia shule ya mpira ya United akiwa na miaka minane. Mbele ya sheria hizo, kijana aliyezaliwa Bunia ni mtoto halali wa Manchester, na jina lake linajaza nafasi ambayo pesa haiwezi kuinunua. Hata akikaa benchi mwaka mzima, orodha imekamilika.

Hiyo ni thamani kwa klabu. Kwa mchezaji inaweza kuwa kifungo.

Wapo waliosema alipendwa, tusimchafulie klabu jina. Ni kweli kulikuwa na dalili. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Jimmy Murphy, inayotolewa kwa kijana bora wa shule ya mpira ya United. Septemba 2019, katika Kombe la Ligi dhidi ya Rochdale, alifungwa kitambaa cha unahodha. Rochdale ndio mji aliokulia baada ya kufika Uingereza. Kuwa nahodha wa United dhidi ya timu ya mtaani kwako, ukiwa na miaka 21, si jambo dogo. Lakini mechi ile ilikuwa ya Kombe la Ligi, na ilihitaji penalti ili United ipite. Mashindano ya namna hiyo ndiyo makocha huwapa vijana, kama vile mzazi anavyompa mtoto simu iliyoharibika achezee.

Januari 2021 maneno yalibadilika sura. United ilifungwa 2-1 nyumbani na Sheffield United, timu iliyokuwa mkiani. Bao la pili lilimgusa Tuanzebe kabla ya kuingia wavuni. Usiku ule yeye na Anthony Martial walimiminiwa matusi ya ubaguzi wa rangi kwenye simu zao. Hapa Uvira hata wapinzani wake wakubwa walinyamaza kwa siku kadhaa. Kumkosoa beki kwamba amechelewa kuziba njia ni mpira. Kumwita mnyama si mpira, na ilionekana wazi kwamba kuna watu waliokuwa wakisubiri tu sababu.

Miezi minne baadaye, tarehe 26 Mei 2021, fainali ya Europa League dhidi ya Villarreal huko Gdańsk. Aliingia dakika za mwisho za muda wa nyongeza. Penalti zikaenda, zikaenda, mpaka zikawafikia mabeki. Tuanzebe alipiga ya tisa upande wa United, akafunga. Aliyekosa alikuwa mlinda mlango David de Gea, na kombe likaenda Hispania kwa 11-10. Katika ubishi wa kijiweni penalti hii husahaulika mno, wakati bao lile la Sheffield kila mtu analikumbuka. Sijui kwa nini kichwa cha shabiki kinahifadhi mambo namna hiyo.

Yaliyofuata nitayapita haraka, kwa sababu yeye mwenyewe aliyapita haraka. Akarudi Villa kwa mkopo mwaka 2021, lakini Dean Smith, kocha aliyempandisha naye, akafukuzwa Novemba. Januari 2022 akapelekwa Napoli, akaonekana mara chache mno. Januari 2023 Stoke City. Kiangazi cha 2023 mkataba ukaisha na United ikamwacha aende bure. Mechi 37 za timu ya kwanza tangu ile ya mwanzo dhidi ya Wigan Januari 2017. Klabu haikumtumia, haikumwuza, na mwishoni haikupata hata faranga moja. Wan-Bissaka angalau aliuzwa West Ham mwaka 2024 kwa pauni milioni 15, ingawa hilo nalo ni hasara ukikumbuka alivyonunuliwa.

Nakiri kwamba wakati ule nilikuwa nimeelemea upande wa watu wa hesabu. Niliona kijana amekwisha.

Aliyemfufua ni mtu aliyemjua zamani. Kieran McKenna alikuwa kocha wa vijana na baadaye msaidizi wa timu ya kwanza pale United, kabla ya kuchukua Ipswich Town. Septemba 2023 alimpa Tuanzebe mkataba mfupi, akamweka beki wa kulia, na mwisho wa msimu Ipswich ikarudi Ligi Kuu baada ya miaka 22. Ni mara ya pili Tuanzebe anapanda daraja na timu ambayo si yake ya utotoni. Hata huko mkosi ulimfuata: Oktoba 2024 alijikata vibaya akiosha vyombo nyumbani, nusura apoteze kidole gumba. Waliosikia habari hiyo huku kwetu walidhani ni utani wa wamotari.

Msimu ule wa Ipswich wengi wetu tuliufuata vibaya. Februari 2025, baada ya Bukavu kuanguka, watu wengi wa Uvira na bonde la Ruzizi walivuka kwenda Burundi, na uwanja wa mpira wa Rugombo, mkoani Cibitoke, ukajaa wakimbizi badala ya wachezaji. Hata hivyo matokeo ya Jumamosi yalipitishwa kutoka simu hadi simu kwa wale waliokuwa bado na moto kwenye betri. Mtu anayeuliza kama Tuanzebe ameanza leo, akiwa amelala juu ya turubai, hatafuti habari za Ipswich. Anatafuta dakika kumi za kubishana kama alivyokuwa akibishana nyumbani.

Ipswich ilishuka. Julai 2025 Tuanzebe akahamia Burnley, tena bure, na sasa yuko pia katika ukuta wa Léopards wa kocha Sébastien Desabre, pamoja na Chancel Mbemba na yuleyule Wan-Bissaka. Wawili waliokuwa wakigombea nafasi Manchester wamekutana chini ya bendera moja. Alikuwa amechezea vijana wa Uingereza, na miaka mingi watu wa hapa walisema hatakuja kamwe.

Kisha zikaja habari zilizowagusa zaidi watu wa hesabu. Mwaka huo wa 2025 iliripotiwa kwamba Tuanzebe ameishitaki Manchester United katika Mahakama Kuu ya London, akidai uzembe katika matibabu ya majeraha yake, na kwamba anadai zaidi ya pauni milioni moja. Hayo ni madai yake, na kuyaamua ni kazi ya majaji. Lakini yamehamisha ubishi mahali pake pa zamani. Kwa miaka mitano tulisema kwamba mwili wake ni dhaifu, kana kwamba alizaliwa hivyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani alikuwa akiutunza.

Juma lililopita, karibu na bandari ya Kalundu, nilikuta kundi likibishana tena huku ndagala zikipakuliwa. Safari hii swali lilikuwa kama Burnley itamwongezea mkataba akifikisha miaka 29, au kama ni heri atafute klabu ya daraja la pili atakayocheza kila wiki na kubaki mzima kwa ajili ya Léopards. Mzee mmoja aliyevaa jezi ya zamani ya United, namba imefutika, alishikilia aondoke. Vijana walitaka abaki. Nilipoondoka, samaki walikuwa wameshauzwa wote na wao walikuwa bado wamesimama palepale.