Mamba muntu: jini wa majini katika ziwa lisilo na mamba

Katika miji ya mashariki ya Kongo inayozungumza Kiswahili, kuanzia Lubumbashi hadi Goma, kiumbe wa majini anayetajwa kuliko wengine wote ni mamba muntu, mwanamke wa ajabu ambaye nusu yake ya juu ni binadamu na nusu ya chini ni mkia wa samaki, na ambaye waliozoea Kifaransa humwita sirene, ilhali wakazi wa Kinshasa humjua kwa jina la Mami Wata. Wachoraji humsawiri akiwa na nywele ndefu zilizonyooka, ngozi nyeupe, kitana, kioo, pengine saa ya mkononi, na mara nyingi nyoka aliyejizungusha mwilini mwake. Vitu hivyo havikuwekwa pale kwa ajili ya pambo tu, kwa kuwa kila kimoja kina kazi yake katika masimulizi.

Inasimuliwa kwamba mwanamume akiokota kitana chake au kishungi cha nywele zake ufukweni, mamba muntu humtokea usiku ndotoni kudai mali yake, kisha humpa ahadi ya utajiri kwa masharti mawili, yaani kutunza siri hiyo na kuwa mwaminifu kwake peke yake. Anayevunja masharti hupoteza fedha, akili au uhai, na katika masimulizi mengine hudaiwa kutoa watu wa ukoo wake, mmoja baada ya mwingine. Hapa ndipo anapotofautiana na chunusi wa pwani ya Tanzania na Zanzibar, jini anayesadikiwa kuwavuta waogeleaji hadi kilindini, kwa maana chunusi huua bila mapatano yoyote, ilhali mamba muntu huja na mkataba, na mtu huangamia kwa sababu ya makubaliano aliyoyaingia mwenyewe.

Tofauti hiyo si ndogo, kwani inadokeza kuwa mamba muntu ni kiumbe wa mji na fedha kuliko wa maji. Katika miaka ya 1960 na 1970, picha zake zilitundikwa katika sebule za wafanyakazi wa mishahara huko Katanga, zikiwa zimechorwa na wasanii wa mitaani, akiwemo Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, ambao wengi wao walitumia vitambaa vya magunia ya unga badala ya turubai za dukani. Mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, aliyezichunguza kwa muda mrefu picha hizo, alizihusisha na maswali ya watu waliokuwa wakiona jirani anatajirika upesi bila ya chanzo kujulikana. Baadaye makanisa ya uamsho, yaani makanisa ya kilokole yanayosisitiza maombi ya kufukuza mapepo, yalimweka mamba muntu katika kundi la mashetani, na picha iliyokuwa fahari ya sebule ikawa kitu cha kuondolewa ukutani, ingawa ni dhahiri kwamba mahubiri hayohayo, kwa kumtaja kila mara, yamesaidia kumweka hai.

Kuhusu asili yake, imani katika roho za majini ni ya kale sana barani Afrika, lakini sura yake ya sasa ina historia inayoweza kufuatiliwa hatua kwa hatua, na historia hiyo inapita mbali na maziwa ya Kongo. Mtafiti wa sanaa Henry John Drewal ameonyesha kwamba katika miaka ya 1880 kampuni ya uchapaji ya Adolph Friedlaender, mjini Hamburg, Ujerumani, ilitoa bango la rangi lenye picha ya mwanamke mcheza na nyoka aliyekuwa akionyeshwa katika maonyesho ya Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama. Bango hilo lilifika Afrika ya Magharibi mapema, kiasi kwamba kufikia mwaka wa 1901 sura yake ilikuwa imekwisha kuchongwa katika vazi la kichwani huko Bonny, katika delta ya mto Niger. Mwaka wa 1955 kampuni ya kalenda ya Shree Ram, mjini Bombay, ilichapa nakala 12,000 za picha hiyo kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kumasi, Ghana. Jini huyu, kwa hiyo, alisafiri na wachuuzi na mabaharia, na Wakongo walimpokea, wakamvika saa ya mkononi na kumpa jina lao.

Jambo la kushangaza kuhusu jina hilo, lenye neno mamba ndani yake, ni kwamba Ziwa Kivu, ambalo maji yake yanagusa mitaa ya Goma, halina mamba wala viboko. Ziwa Tanganyika linao, na mto Ruzizi, unaoyaunganisha maziwa hayo mawili, ndio uliokuwa makao ya Gustave, mamba mkubwa wa Burundi aliyevuma kwa kusemwa kuwa aliua watu wengi. Lakini mto huo hushuka takriban mita 700 kutoka Kivu hadi Tanganyika kwa maporomoko yanayozuia wanyama kupanda. Hata samaki wa Kivu ni aina chache, zisizozidi 30, na sambaza, ambao wavuvi huwavua usiku kwa taa, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kinachotisha kweli katika ziwa hili hakina mkia. Katika kilindi chake, kinachofikia mita 485 hivi, zimeyeyuka gesi ambazo, zikipimwa kwa kanieneo ya kawaida ya juu ya ardhi, zinakadiriwa kufikia kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani, zikishikiliwa huko chini na uzito wa maji yaliyo juu yake. Gesi ya namna hiyo ilipofumuka kutoka Ziwa Nyos nchini Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, iliua watu zaidi ya 1,700 kwa usiku mmoja. Ndiyo maana wataalamu walikuwa na wasiwasi mkubwa mnamo Januari 2002, wakati lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma na kuingia ziwani, ingawa haikufika kina cha kutosha kuzivuruga gesi hizo. Nchi kavu nako, wakazi wa Goma na mji jirani wa Sake wanayajua mazuku, yaani hewa ukaa inayotoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya mabondeni na pembezoni mwa ziwa, hasa usiku na alfajiri kukiwa hakuna upepo, na kuua mbuzi, mbwa na hata mtu aliyeinama au kulala mahali hapo. Mwili unaokutwa hivyo hauna jeraha wala dalili ya mapambano, na ni rahisi kuelewa kwa nini kifo cha aina hiyo kimehesabiwa kuwa kazi ya roho mbaya.

Vifo vingine vya ziwani havina fumbo lolote. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti ya MV Merdi, iliyotoka Minova, ilizama ikikaribia bandari ya Kituku mjini Goma, ikiwa imejaza abiria na mizigo kupita kiasi, katika kipindi ambacho mapigano yalikuwa yamewafungia wasafiri barabara. Msiba wa namna hiyo haumhitaji mamba muntu ili uelezeke, na wanaopaswa kuulizwa ni wale wanaoziruhusu boti kama hizo kung'oa nanga.