Mkate Peke Yake: Neno la Bwana Lisiloeleweka Vema

Liko neno la Bwana wetu linalofundisha kwamba mkate peke yake haumtoshi mwanadamu kuishi (Mt 4:4). Neno hili ni chakula cha roho. Lakini huku Kibondo na Kasulu tumelisikia likitumiwa kumnyamazisha mwenye njaa.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015, Warundi walipovuka mpaka kwa maelfu. Mwaka 2017, na tena mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao kwa kukosa fedha. Mama aliyepokea unga usiowatosha wanawe, akiambiwa kwamba mkate si kitu, amehubiriwa habari njema gani?

Yatupasa kusoma kwa makini. Kwanza, Bwana aliyatwaa maneno haya katika Kumbukumbu la Torati (8:3). Hapo Musa anawakumbusha Waisraeli miaka 40 ya jangwani. Mungu aliwaacha waone njaa, kisha akawalisha mana, pishi moja kwa kila mtu; aliyeokota nyingi hakubakiwa na ziada (Kut 16). Fundisho si kwamba chakula ni bure, bali kwamba chakula chenyewe ni zawadi yake Mungu asemaye na kutenda.

Pili, tutazame ni nani asemaye. Yesu alikuwa amefunga siku 40. Alimjibu mshawishi juu ya njaa yake mwenyewe. Makutano wenye njaa hakuwajibu hivyo. Aliwaketisha majanini, akawalisha wanaume wapata 5,000. Kesho yake, huko Kapernaumu, ndipo alipowafundisha juu ya Mkate wa Uzima (Yn 6). Basi mwenye njaa akilisema neno hili juu ya nafsi yake, ni imani. Mwenye shibe akimwambia mwenye njaa, anaangukia lile alilolikemea Mtakatifu Yakobo: kumwambia ndugu aende akashibe, pasipo kumpa kitu (Yak 2:15-16).

Je, chakula cha roho kimekuwa kitu kidogo? Hasha! Huko Kapernaumu Bwana aliwaonya waliomtafuta kwa sababu ya kushiba tu. Tumbo laweza kujaa, na moyo ukabaki na njaa ya msamaha, ya matumaini, ya kuitwa kwa jina wala si kwa namba ya kadi ya mgao. Njaa hiyo Kanisa huilisha kwa meza ya Neno na meza ya Ekaristi. Lakini Mtakatifu Paulo aliwakaripia Wakorintho kwa kuwa katika kusanyiko lao mmoja aliona njaa na mwingine alilewa (1 Kor 11:21).

Nanyi wakatekista, mnapofundisha juu ya Mkate wa Uzima, anzeni na ile mikate mitano ya shayiri, msiiruke. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, kabla ya kufungua Biblia, ulizeni ni nani hajala. Na mwenye shamba aliyelimiwa maharage au muhogo na kibarua, awe ndugu au mgeni, amlipe ujira wake kabla jua halijatua (Kum 24:14-15). Hapo ndipo neno la Bwana litakuwa chakula kwetu sote.