Uzazi na Misiba ya 1963

Sisi watu wa pwani tukiutaja mwaka 1963 twakumbuka bendera za uhuru. Lakini mimi, kila nikivuka Mto Tana kuingia Garissa, huukumbuka kwa misiba yake pia.

Machi, Waingereza walitangaza kuzaliwa kwa jimbo la saba, Kaskazini Mashariki. Wasomali wengi walitaka kuungana na Somalia, wakaugomea uchaguzi wa Mei. Tarehe 28 Juni, Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, na chifu Haji Galma Dido waliuawa Modogashe. Siku tatu baadaye, Unguja nayo ikafiwa na Sultani wake, Sayyid Abdullah bin Khalifa.

Desemba ikazaa uhuru: Zanzibar tarehe 10, Kenya tarehe 12. Siku 16 baada ya sherehe za Nairobi, Kaskazini Mashariki ikatiwa katika hali ya hatari. Vita vilikoma kwa mapatano ya Arusha, 1967. Sheria zake, zilizofika hata Lamu, zilibaki hadi 1991.

Wazee husema mkono mmoja haulei mwana. Basi msomaji, tukiadhimisha uzazi ule, tusiwasahau waliomlea mtoto huyo wakiwa matangani.