Wazee wa Malisho na Sanduku la Kura

Kuna hoja inayorudiwa mara kwa mara na walimu wenzangu hapa Isiolo: kwamba kura humpa uongozi mwenye fedha na ukoo mkubwa, hivyo afadhali tufuate Wachina, tuwachuje viongozi kwa elimu na maadili. Anayetajwa ni Confucius (551-479 K.K.), aliyefunza kwamba mtawala hana budi kwanza awe mtu mwema. Mafunzo yake yalikuja kuwa msingi wa mitihani ya kuajiri maofisa wa serikali ya Uchina, iliyofutwa mwaka 1905.

Lakini ya nini kwenda mbali hivyo? Waborana wa Waso wana wazee wa dedha, wasimamizi wa malisho na maji kandokando ya Ewaso Nyiro. Mzee hapati nafasi hiyo kwa sanduku la kura, bali kwa kujulikana kuwa anazielewa nyasi, anaijua mvua, na hapendelei. Wao huamua mifugo ielekee wapi wakati wa masika, na malisho gani yasiguswe mpaka ukame uingie. Wakikosea, hasara huonekana katika mazizi yao pia. Nionavyo, mchujo hufaa pale ambapo wachujaji wanamjua wamchujaye, na madhara ya kosa humpata mkosaji.

Ugavana si malisho. Kaunti hii ni ya Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Ni mzee gani awezaye kuwachagulia wote? Kule Mandera, wazee wa Wagarre waliwataka viongozi waliochaguliwa mwaka 2013 wasigombee tena. Gavana Ali Roba alikataa, akashinda mwaka 2017. Nao wanawake, ambao kwa desturi hawaketi katika mabaraza hayo, siku ya kura karatasi yao ilikuwa na uzito sawa na ya mzee yeyote.

Kifungu cha 73 cha Katiba ya 2010 chataka viongozi wapatikane kwa kuteuliwa kwa misingi ya uadilifu na uwezo, au kwa uchaguzi huru na wa haki. Wanafunzi wangu huuliza kwa nini ni "au", wala si "na". Swali zuri hilo! Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilibatilisha sharti la shahada kwa wabunge, nami nikaafiki, maana katika nchi kame kama yetu shahada hupima mifugo ya baba kuliko busara ya mwana. Hata hivyo, kifungu cha 99 chataja masharti ya elimu na ya maadili pamoja. La elimu tumelipeleka mahakamani. La maadili, ambalo wazee wa dedha wangeanza nalo, sisikii likizungumzwa kwenye mikutano ya kampeni.