Akiba Iozayo: Juu ya Neno Moja la Kompyuta

Methali yasema kwamba akiba haiozi. Mfasiri atafutaye jina la nakala za mafaili ambazo kiini cha mfumo wa kompyuta hujiwekea kumbukumbuni aweza kulichagua neno "akiba" kwa wepesi. Lakini akiba hiyo huoza, na mfano wake waonekana Kolo, wilayani Kondoa.

Mwaka 1951 Mary Leakey alinakili michoro ya miambani ya Kolo na pande zake. Nakala zikatolewa kitabuni mwaka 1983, na mwaka 2006 UNESCO iliitia michoro ya Kondoa katika Urithi wa Dunia. Nakala hizo ni hazina kwa atakaye kujua jinsi mwamba ulivyokuwa mwaka 1951. Bali atakaye kujua hali yake ya leo, baada ya jua, mvua na mikono ya watu, hana budi kupanda mlima.

Ndivyo ilivyo kwa FUSE, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2005. Kwa njia hiyo programu ya kawaida, iliyo nje ya kiini, yaweza kuwa ghala la mafaili. Faili lisomwapo, kiini huiuliza programu, hupokea jibu na kuliweka kumbukumbuni. Kwa desturi nakala hutupwa faili lifunguliwapo upya, ila programu ikiomba zihifadhiwe. Lakini faili likiwa bado wazi, asomaye tena mahali pale pale aweza kupewa nakala, na programu isiulizwe. Ikiwa faili limebadilika upande wa pili, mathalani katika mashine ya mbali, msomaji hupokea habari iliyochakaa, wala hana dalili ya kuitambua.

Dawa yake ni programu kutoa, wakati wa kufungua faili, alama iitwayo direct_io. Hapo kila ombi la kusoma au kuandika huipita nakala na kuifikia programu yenyewe. Tena programu ndiyo iamuayo faili liishie wapi, jambo lifaalo kwa faili litungwalo papo hapo, ambalo ukubwa wake haujulikani kabla. Gharama ni mwendo: kila usomaji huwa safari kamili.

Basi neno "akiba" lampoteza mwanafunzi, kwa kuwa lamwahidi kitu kisichoharibika. "Nakala ya karibu" lafaa zaidi: lataja ukaribu, wala haliahidi ukweli.