Kwenda kwa 40, kurudi kwa ngapi? Swali lililomla binamu hela

HEBU msomaji, kabla hujageuza ukurasa kwenda kutazama picha za maharusi, jaribu hili. Bodaboda anatoka Kilosa kwenda Mikumi. Tuseme njia ni kilomita 80 kamili, ili tusisumbuane na desimali. Vumbi na mashimo vinambana, anakwenda kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Anapofika Mikumi, tajiri wake anapiga simu: "Nataka safari nzima, kwenda na kurudi, iwe na wastani wa kilomita 80 kwa saa." Je, arudi kwa mwendo gani?

Umesema 120? Pole sana, lakini hauko peke yako. Mimi nilisema 120, tena kwa sauti, mbele za watu, pale Mikumi mjini, mshikaki ukiwa mkononi. Binamu yangu akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyevaa viatu vya miguu miwili tofauti.

"Binamu," akasema, "ukijibu hivyo kwenye ule mtihani, umeliwa."

Jibu ni kwamba haiwezekani. Kwenda na kurudi ni kilomita 160. Ili wastani uwe 80, safari nzima inatakiwa ichukue saa mbili. Sasa huyu bwana kwenda peke yake ametumia saa ngapi? Kilomita 80 kwa mwendo wa 40 ni saa mbili hizo hizo. Muda umekwisha, na bado yuko Mikumi. Hata akipanda ungo, atachelewa.

Ona jinsi swali lenyewe lilivyo jepesi. Hakuna aljebra ya kutisha. Ni kugawanya tu, kazi ya mtoto wa darasa la sita. Na bado linawachemsha watu wenye digrii zao, akiwemo huyu huyu binamu, ambaye lilimpata siku ambayo kuchemsha kulikuwa na gharama.

Huyu jamaa anafanya kazi Kilosa, na siku za mapumziko hushuka Mikumi kuangalia kijiduka chake. Digrii anayo. Anachokitaka ni kwenda kusoma shahada ya uzamili ya biashara nje ya nchi, na kwa kuwa mfuko hauruhusu, anataka aende kwa msaada wa masomo. Chuo anachokilenga kinadai mtihani uitwao GMAT. Alishaufanya mara moja. Ada yake ni dola 200 na ushei, yaani zaidi ya nusu milioni ya shilingi zetu, hapo hujaweka nauli na malazi. Alama zilipotoka, alikaa siku mbili hapokei simu.

Kwa wasioujua, mtihani huu ulianza mwaka 1954 huko Marekani. Zamani ulifanywa kwa karatasi na penseli, lakini tangu mwaka 1997 ukahamia kwenye kompyuta, tena kompyuta yenye roho mbaya. Ukipata swali, inakuletea gumu zaidi. Ukikosa, inakupa jepesi, na hapo ujue mambo yanaharibika. Umbo lake la sasa lilitoka mwishoni mwa mwaka 2023: maswali 64 kwa saa mbili na robo. Sehemu ya hesabu tupu ina maswali 21 kwa dakika 45, na kikokotoo ni marufuku. Piga mwenyewe: kila swali lina dakika mbili na sekunde nane hivi.

Kinachomdanganya mtu ni kwamba hesabu zenyewe ni za sekondari ya chini: asilimia, uwiano, wastani, milinganyo, namba tasa, mwendo na muda. Siku hizi hata jometri wameitoa. Kwa hiyo binamu alipoona orodha ya mada alicheka. Akasema hii kazi ya miezi miwili. Akaanza kubukua usiku kwa usiku, maswali 50 kwa siku, akihesabu tu amepata mangapi. Akipata 31 kati ya 50, analala. Kesho yake 33, anajisifu. Yale 17 aliyokosa aliyaangalia majibu, akasema "ahaa, kumbe," akapita.

Hilo neno "kumbe" ndilo lililomla hela. Kila siku alikosa yale yale, ila yamebadili nguo. Leo ni bodaboda, kesho ni mtumbwi unaopanda na kushuka mto, keshokutwa ni mabomba mawili yanayojaza tangi. Siri ya maswali magumu ya mtihani huu ni hiyo: ugumu hauko kwenye hesabu, uko kwenye neno moja ambalo jicho limelirukia.

Sasa amebadili mtindo. Kanunua daftari la kaunta, lile la kurasa nyingi, na juu kaandika AIBU. Humo haingii swali alilopata. Linaingia alilokosa, na lile alilopata kwa kubahatisha, maana hilo ni kosa lililojificha. Chini ya kila swali anaandika vitu viwili tu: nilidhani wameuliza nini, na kweli wameuliza nini. Suluhisho haandiki. Baada ya wiki moja analirudia likiwa tupu. Akikosa tena, linangoja wiki nyingine. Maswali 50 kwa usiku mmoja yamekwisha. Sasa ni 20 kwa wiki, tena siku nyingine anashinda na moja tu.

Nililifungua lile daftari. Ukurasa wa tatu kuna swali la namba tasa, na chini yake kwa wino mwekundu: "Nilidhani namba tasa zote ni witiri. NIMESAHAU 2!!!" Alama za mshangao ni zake. Mbele kidogo: "Nilisahau kuwa sifuri ni shufwa." Mbele tena: "Hawakusema namba kamili, mimi ndiye niliyesema."

Halafu nikagundua jambo ambalo nadhani wengi wetu linatuhusu. Maelezo yote yameandikwa kwa Kiswahili, wakati mtihani ni wa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia kwamba akilisoma swali kwa Kiingereza analielewa haraka mno, na hapo ndipo anapoumia. Akijilazimisha kulisema kwa Kiswahili, lazima aamue: hii "zaidi kwa asilimia 20" au ni "asilimia 20 ya"? Hii "si chini ya tatu" au ni "zaidi ya tatu"? Kiingereza kinamteleza mdomoni, Kiswahili kinamkaba. Tukumbuke sisi wa shule za kawaida tulisoma hesabu kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, kisha kidato cha kwanza hesabu zile zile zikaja zimevaa suti. Wengi wetu tuliachana nazo hapo hapo mlangoni.

Chumba cha mtihani hakina nafasi ya kutafsiri kila sentensi, hilo analijua. Lakini anasema ukizoea nyumbani, siku yenyewe jicho linasimama lenyewe kwenye lile neno lenye mtego.

Basi akanipeleka kwenye meza ya vitunguu, kando ya barabara kuu. Ukipita Mikumi unazijua zile biashara: malori ya kwenda Zambia yamepumzika upande huu, mabasi upande ule, na katikati kila mtu anakuuzia kitu. Akanitungia swali la aina inayowatoa watu jasho kuliko zote, ambamo huulizwi jibu, unaulizwa kama taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu.

Mama anauza fungu la vitunguu sh 5,000 na fungu la nyanya sh 3,000. Leo ameuza mafungu mangapi ya vitunguu? Taarifa ya kwanza: amepata jumla ya sh 19,000. Taarifa ya pili: ameuza mafungu matano kwa jumla. Je, inatosha ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, mpaka zote mbili, kila moja kivyake, au hata zote hazitoshi?

Nikajibu kama msomi: vitu viwili visivyojulikana, milinganyo miwili, kwa hiyo zote mbili zinahitajika. Binamu akacheka mpaka mwenye meza akageuka.

Fungu haliuzwi nusu, akaniambia. Jaribu. Kama vitunguu ni fungu moja, zinabaki 14,000, hazigawanyiki kwa 3,000. Mawili, zinabaki 9,000, hayo ni mafungu matatu ya nyanya. Matatu, zinabaki 4,000, hakuna. Asipouza vitunguu kabisa, 19,000 haigawanyiki pia. Njia ni moja tu: mawili ya vitunguu, matatu ya nyanya. Taarifa ya kwanza inatosha yenyewe! Kisha akabadili kidogo: jumla iwe sh 31,000. Sasa inaweza kuwa vitunguu viwili na nyanya saba, au vitunguu vitano na nyanya mbili. Haitoshi. Sentensi ni ile ile, namba imebadilika, na jibu limegeuka. Mtu aliyekariri "vitu viwili, milinganyo miwili" anapata moja kwa bahati na kukosa lingine kwa uhakika.

Mwenye meza, kwa taarifa yako, alikuwa ameshapata jibu la kwanza kabla sijafungua kikokotoo cha simu.

Kukariri ndiko kulikomponza hata baada ya lile swali la bodaboda. Alitoka nalo na sheria kichwani: usijumlishe mwendo ukagawa kwa mbili, kamwe. Sasa sikia hili. Gari linatoka Mikumi kwenda Morogoro, tuseme kilomita 120. Kilomita 50 za kwanza ziko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ile iliyoanzishwa mwaka 1964, ambamo barabara imejaa matuta na vibao vya kukukumbusha kwamba ukimgonga mnyama utalipa. Dereva anakwenda 50 kwa saa. Akitoka hifadhini, kilomita 70 zilizobaki anakwenda 70 kwa saa. Wastani wake?

Ni 60, jumlisha ugawe kwa mbili! Sababu ni kwamba kila kipande kimechukua saa moja. Muda ukilingana, njia ya mkato ni halali. Umbali ukilingana, kama Kilosa na Mikumi kwenda na kurudi, njia hiyo hiyo inakuzamisha. Aliyekariri sheria bila kujua inatoka wapi, hapa anapoteza dakika tatu akihangaika na swali la sekunde kumi, na dakika hizo harudishiwi.

Kilosa nayo ina swali lake. Ni mji wa reli tangu enzi za Mjerumani, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa inapita hapo kati ya Dar na Dodoma, ikipenya mahandaki kwenye milima. Tuseme treni ya mita 200 inakwenda kilomita 144 kwa saa, na handaki lina mita 1,000. Itachukua sekunde ngapi tangu pua iingie mpaka mkia utoke? Kilomita 144 kwa saa ni mita 40 kwa sekunde. Ukisema 25, umesahau kwamba treni ina mkia. Ni mita 1,200, kwa hiyo sekunde 30. Na amini usiamini, kwenye majibu ya kuchagua hiyo 25 itakuwepo, imekaa vizuri, inakusubiri.

Nikamuuliza kwa nini ajitese hivi wakati Mzumbe iko kando ya barabara hii hii, kabla hujafika Morogoro, na wanafundisha uzamili wa biashara bila kumdai mtu GMAT. Akakubali. Vyuo vyetu kwa kawaida huangalia shahada ya kwanza na matokeo yake. Hata huko nje, tangu mwaka 2020 vyuo vingi vimelegeza: vingine vimeufuta, vingine vinakubali GRE badala yake. Kwa hiyo wewe unayetaka kukimbilia kulipa dola, uliza chuo chako kwanza. Na ukishajua unauhitaji, wenye mtihani hutoa majaribio mawili kamili ya bure kwenye mtandao wao. Binamu mara ya kwanza aliyamaliza yote wiki ya mwanzo, kwa pupa. Safari hii alianza upya, moja ameliweka akiba kwa ajili ya wiki ya mwisho.

Sheria inaruhusu kurudia mtihani baada ya siku 16, hadi mara tano kwa mwaka. Mfuko wake unaruhusu mara moja tu. Ameshalipia. Tarehe kaiandika kwenye jalada la daftari la AIBU, na hataki kuitaja mbele za watu.

Usiku niko kitandani, simu ikalia. Ujumbe wa binamu: "Bei ya mchele imepanda kwa asilimia 25. Ili irudi ilipokuwa, ishuke kwa asilimia ngapi? Una dakika mbili."

Nikajibu baada ya sekunde tano: 25.

Akarudisha neno moja. "Umeliwa."