Kizuizi Kidogo Kwenye Jiliwa

Ndugu zangu, kwa tasnifu yangu nilitakiwa vipande 12 vinavyofanana. Vinne vya mwanzo nikavitupa: kila nikifunga kipande kwenye jiliwa la mashine ya milingi natafuta sifuri upya, na kila mara nakosea kidogo.

Dawa ni kizuizi. Chukua bapa la chuma, lifunge kwa boliti ubavuni mwa taya lisilosogea, maana lile jingine likihama na kipimo kinahama. Toboa tundu, kata hesi, tia skrubu yenye ncha ya mviringo, kaza kwa nati. Kipande kikigusa ncha tu, chenga za chuma hazipati pa kujificha. Kingo zipige tupa kwanza. Sukuma taratibu, usigonge. Sifuri unatafuta mara moja, basi!

Vyote 12 vikapita.